Kuiga chama kabla ya kukiunda: kutoka Kentucky hadi Santiago

Nimekuwa kimya kwa muda, na kuna mmoja aliyeniandikia kuniuliza kama nimeacha kompyuta nikaenda kuuza nguo. Sijaacha. Nilikuwa nahangaika na kazi moja ya nyumbani ambayo haina malipo wala mteja wa kunipigia simu usiku, lakini imeninyima usingizi kuliko kazi yoyote ya mshahara.

Kwa kifupi ni hivi. Kwetu Taita, kule milimani, kuna kikundi cha wafugaji, kaya sitini na kitu, wanaotaka kuacha kuuza maziwa kila mtu kivyake kwa wachuuzi wa pikipiki na badala yake waunde chama cha ushirika. Mama ndiye mweka hazina. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, si wewe uliyesomea kompyuta? Basi tuulizie hiyo kompyuta kama chama chetu kitasimama." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilipokuwa shule ya msingi kulikuwa na chama kingine palepale (jina naliweka kando), kikafa huku kikidaiwa na wanachama wake. Mama bado anazo stakabadhi za maziwa yake ambayo hayakulipiwa. Amezihifadhi ndani ya mkebe wa majani ya chai. Na mweka hazina wa chama kile alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Watu walisema amekula pesa. Hakushtakiwa kwa sababu vitabu havikupatikana, lakini mpaka leo akiingia kwenye mkutano wapo wanaoinuka na kwenda kukaa upande mwingine.

Kwa hiyo swali la mama halikuwa la mzaha. Nikaanza kusoma, na nilichokikuta ndicho ninachotaka kuwasimulia leo.

Chuoni tulifundishwa uigaji, yaani kuandika programu inayotenda kama kitu fulani cha kweli ili ukichezee bila kukivunja. Tuliiga foleni ya benki, tukaiga taa za barabarani, tukapewa alama, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba hata kampuni, chama au wizara inaweza kuigwa kabla ya kuundwa, na kwamba wako watu waliojaribu jambo hilo kabla wazazi wetu hawajaoana.

Wa kwanza ninayemtaja ni Jay Forrester. Alizaliwa mwaka 1918 na kukulia kwenye ranchi ya ng'ombe huko Nebraska, Marekani. Ranchi haikuwa na umeme, basi akiwa bado shule ya upili akaunda mtambo wa kuzalisha umeme kwa upepo, akitumia vipuri vya magari makuukuu. Mtoto wa mfugaji! Nikampenda hapohapo. Baadaye akaenda MIT, akaongoza kazi ya kuunda Whirlwind, mojawapo ya kompyuta za kwanza kabisa zilizoweza kujibu papo kwa papo, na jina lake limo katika historia ya kumbukumbu ya viini vya sumaku ambayo kompyuta zilitumia kwa takriban miaka ishirini. Halafu mwaka 1956 akaziacha nyaya na kuhamia shule ya biashara ya chuo hichohicho.

Huko akakutana na watu wa General Electric. Walikuwa na viwanda vya vyombo vya umeme vya nyumbani katika jimbo la Kentucky, na walikuwa na kitendawili. Kuna wakati viwanda vilifanya kazi zamu tatu au nne, watu wanaajiriwa mbiombio. Miaka michache baadaye nusu ya wafanyakazi wanafukuzwa. Kisha wanaajiriwa tena. Lawama zikatupiwa soko na hali ya uchumi, lakini maelezo hayo hayakumridhisha kila mtu.

Forrester hakuanza na kompyuta. Alienda kuwauliza watu wanavyoamua. Wewe unayeajiri, unaajiri ukiona nini? Wewe wa ghala, unaagiza lini? Habari ya mauzo inakufikia baada ya muda gani? Majibu akayageuza kuwa hesabu ndogondogo, akachukua daftari na penseli, akachora safu: bidhaa ghalani, maagizo, wafanyakazi. Akaenda wiki baada ya wiki kwenye karatasi. Matokeo yake ndiyo yaliyonifanya niweke kikombe cha chai chini. Hata pale maagizo ya wateja yalipobaki yaleyale bila kubadilika, idadi ya wafanyakazi iliweza kupanda na kushuka yenyewe. Mawimbi yalizaliwa ndani ya kampuni, kutokana na kanuni za watu wenye akili timamu, kila mmoja akifanya lililo sahihi kwa habari aliyonayo, isipokuwa habari hiyo ilikuwa imechelewa.

Hapa wanaprogramu mtafurahi. Forrester alipotaka milinganyo yake iandikwe kwa msimbo kwa ajili ya makala, alimwomba kijana aitwaye Richard Bennett. Bennett, badala ya kuandika msimbo, akasema ataandika programu itakayouandika huo msimbo kutokana na milinganyo. (Nani kati yetu hajawahi kumjibu bosi hivyo?) Programu hiyo ya mwaka 1958 iliitwa SIMPLE. Mwaka 1959 ikafuatwa na DYNAMO, kazi ya Phyllis Fox na Alexander Pugh. Fox ni yule mwanahisabati aliyeshiriki pia kuandika mwongozo wa mwanzo wa lugha ya LISP, na sijui kwa nini jina lake halisikiki sana kwenye madarasa yetu.

Ndani ya DYNAMO dunia nzima ni ya mabirika na mifereji. Kuna vitu vinavyojaa na kupungua: pesa, bidhaa, watu. Kuna mifereji ya kujaza na ya kutoa. Na kuna kanuni zinazofungua na kufunga mifereji kwa kutazama kina cha maji, mara nyingi kina cha jana au cha mwezi uliopita. Basi. Ukiwa na hayo unaweza kuiga kampuni, mji, hata dunia. Forrester alifanya yote matatu, katika vitabu vyake vya 1961, 1969 na 1971.

Kwa wasiotaka milinganyo, kundi lake la MIT lilitunga mchezo wa mezani unaoitwa mchezo wa bia. Wachezaji wanne wanapangwa: mwenye duka, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja anaagiza kwa aliye juu yake, na mzigo unachukua wiki kadhaa kufika. Mteja wa dukani ananunua kreti 4 kwa wiki, halafu kuanzia wiki fulani ananunua 8, na anabaki kwenye 8 mpaka mwisho. Badiliko ni hilo moja tu. Lakini mchezo ukiisha, kiwanda kimepitia njaa na mafuriko, na wachezaji wakiulizwa wachore mteja alivyonunua, wanachora mawimbi. Wanaapa kwamba mteja ni kigeugeu! Nimeuchezesha ofisini kwetu kwa vipande vya karatasi wakati wa chakula cha mchana. Tuligombana kweli. Aliyekuwa kiwanda alinuna hadi jioni.

Usiku huohuo nikaandika chama cha maziwa. Mistari mia na kitu ya Python, hakuna ajabu yoyote. Lakini kabla ya kuandika ilinibidi nipige simu kama Forrester. Wanachama watalipwa kila baada ya siku ngapi? Mama akasema siku 30, zaidi ya hapo watu watarudi kwa wachuuzi. Mnunuzi mkubwa wa mjini atalipa lini? Siku 45 baada ya kupokea. Kamati itapandisha bei ya lita lini? "Tukiona pesa zimejaa benki." Wakati wa mvua mnatoa lita ngapi, wakati wa kiangazi ngapi? Hapo akatafuta daftari.

Nikaiendesha kwa miaka mitatu ya kubuni. Nilitarajia chama kiteseke wakati wa kiangazi, maziwa yakiwa haba. Ikawa kinyume. Kiangazi kikianza, chama kinalipa wanachama kwa maziwa machache ya sasa huku kikipokea pesa za maziwa mengi ya mwezi na nusu uliopita. Akaunti inanenepa. Kamati inaona pesa zimejaa, inapandisha bei kama ilivyosema. Kisha mvua inanyesha, nyasi zinaota, maziwa yanafurika, na sasa chama kinatakiwa kulipa mzigo mkubwa kwa bei mpya huku mnunuzi akileta malipo ya kiangazi. Akaunti inakauka wakati makopo yamejaa. Katika mwaka wa pili wa programu yangu chama kilifilisika, na hakuna mtu ndani yake aliyeiba hata shilingi, maana sikuwa nimeandika mwizi.

Nikampigia mama simu. Nikamuuliza, chama cha zamani kilikufa msimu gani? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mvua za Machi. Maziwa yalikuwa mengi mpaka tunawapa mbwa. Ndiyo maana watu walisema zimeibwa, maana pesa zingekosekanaje wakati wa neema?"

Nitarudi kwa mjomba. Kwanza nimalize historia, kwa sababu kuiga kampuni iliyopo ili ujue inaumwa wapi ni jambo moja, na kuiga ili uunde kitu kipya ni jambo lingine kabisa.

Forrester mwenyewe alipenda kutofautisha rubani na mbunifu wa ndege. Alisema shule za biashara zinafundisha marubani, wakati ajali nyingi ziko kwenye umbo la ndege. Mwaka 1965 akachapisha makala iitwayo "A New Corporate Design", akapendekeza umbo jipya la kampuni akitegemea, pamoja na mambo mengine, yale aliyoyaona kwenye uigaji. Ukiisoma leo bado inashtua. Aondolewe bosi: uhusiano wa mkubwa na mdogo ufutwe, kila mtu awe kama kituo kinachojihesabia faida yake na kuingia mapatano na wenzake. Habari za kampuni ziwe wazi kwa wote. Kusiwe na idara yenye ukiritimba ndani ya kampuni. Wanaotunga sera wasiwe walewale wanaoamua mambo ya kila siku. Alikuwa pia kwenye bodi ya Digital Equipment Corporation, kampuni ya kompyuta iliyoanzishwa 1957, na aliunda kielelezo cha ukuaji wa kampuni za aina hiyo ili aelewe anachokisimamia. Lakini mengi ya mapendekezo yake ya 1965 yalibaki kwenye karatasi. Kampuni zilikuwa na mabosi tayari, na bosi gani atalipia utafiti wa kujiondoa?

Waliokuwa na nafasi ya kuunda kitu kipya kwa ukubwa wa kutisha walikuwa mbali na Kentucky, kule Chile.

Salvador Allende aliapishwa kuwa rais wa Chile Novemba 1970, na serikali yake ikaanza kutaifisha viwanda na migodi. Katika muda mfupi shirika la maendeleo la serikali, CORFO, likajikuta na zaidi ya biashara 100 mikononi: nguo, saruji, vyakula, vyuma. Wasimamizi wa zamani wengi walikuwa wameondoka. Takwimu za uchumi zilikuwa zikichapishwa zikiwa zimechakaa. Kijana mmoja wa CORFO, Fernando Flores, mhandisi wa miaka 28 (umri wangu huu, na mimi nashindwa kupanga foleni ya seva tatu), mwezi Julai 1971 akamwandikia Mwingereza aitwaye Stafford Beer.

Msichanganye: mchezo wa bia ni wa watu wa MIT; Beer huyu ni mtu. Alikuwa mshauri wa menejimenti, mtu wa maneno mengi na sigara kubwa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiandika kwamba shirika lolote linaloweza kuishi lina ngazi tano kama mfumo wa neva wa mwanadamu: misuli inayofanya kazi, kitu cha kuipatanisha isigongane, kitu cha kusimamia mwili kwa ndani, kitu cha kutazama nje na kesho, na juu kabisa kitu cha kuamua sisi ni nani. Alipoona barua ya Flores aliacha alichokuwa akifanya, na mnamo Novemba 1971 akatua Santiago. Inasimuliwa kwamba alipomchorea Allende, ambaye alikuwa daktari, zile ngazi tano, alipofika ya tano alitaka kusema hapa ndipo ulipo wewe, Mheshimiwa. Allende akamtangulia: hapo ndipo walipo wananchi.

Mradi ukaitwa Cybersyn. Ulikuwa na sehemu nne. Ya kwanza ni mtandao wa teleksi. Mashine nyingi zilikuwa zimenunuliwa na serikali iliyotangulia na kulala ghalani. Zikatolewa na kufungwa viwandani na maofisini, nchi nzima. Ya pili ni Cyberstride, programu ya takwimu iliyotazama namba za kila siku kutoka viwandani: malighafi, nishati, wafanyakazi wasiofika kazini. Ya tatu ni CHECO, kiigaji cha uchumi wa Chile, kilichoandikwa kwa DYNAMO, lugha ileile ya Forrester. Ya nne ni chumba.

Chumba ndicho kila mtu anakijua, hata asiyejua kingine. Kilibuniwa na timu ya Mjerumani Gui Bonsiepe: chumba cha pembe sita, viti saba vyeupe vinavyozunguka, vitufe kwenye mkono wa kiti, mahali pa kuwekea sigara na kikombe. Kinafanana na filamu za anga za juu. Ukitazama picha utadhani skrini zile ni za kompyuta. Wapi! Nyuma ya ukuta kulikuwa na projekta za slaidi, na grafu zilichorwa kwa mkono na wasanii wachoraji. Mimi siwadharau kwa hilo. Nimewahi kuonyesha wateja vitufe visivyofanya kitu.

Kilichonivutia zaidi ni Cyberstride, kwa sababu muundo wa shirika uliandikwa ndani ya msimbo. Namba ya kiwanda ikitoka nje ya kiwango cha kawaida, taarifa ilienda kwanza kwa kiwanda chenyewe. Kiwanda kilipewa muda wake kurekebisha mambo. Muda ukipita bila nafuu, ndipo taarifa ilipanda ngazi moja, na moja tena, hadi CORFO. Yaani mkubwa hakutakiwa kukuchungulia wakati bado unashughulikia tatizo lako. Ninyi mnaosimamia seva mnalijua jambo hili, ndilo linaloamua simu ya nani italia saa tisa usiku. Wachile walilipanga mwaka 1972, kwa teleksi na muda wa kuazima kwenye kompyuta kubwa ya serikali.

Na CHECO, kiigaji chenyewe? Hapa nilisoma kwa huzuni kidogo. Kiliundwa na Ron Anderton huko Uingereza pamoja na timu ya Wachile chini ya Mario Grandi. Beer alitaka kiwe maabara: serikali ijaribu sera ndani ya mashine kabla ya kuijaribu kwa watu. Vielelezo vya kwanza vilitazama pato la taifa, mfumuko wa bei na fedha za kigeni. Lakini ndani ya birika unamimina nini kama takwimu ni za muda mrefu uliopita na uchumi unabadilika kila wiki? Majibu yalitoka, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuyategemea. Dawa ya kuchelewa iliuawa na kuchelewa.

Mtihani ukaja Oktoba 1972. Wenye malori waligoma, na wafanyabiashara na wataalamu wengine wakawafuata. Chile ni nchi nyembamba yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000. Lori likisimama, mkate unasimama. Flores na wenzake wakageuza mtandao wa teleksi kuwa mishipa ya dharura. Kituo kikuu kiliwekwa katika ikulu, na vituo vingine vikashughulikia usafiri, viwanda, nishati na kadhalika. Wakati wa kilele ujumbe ulifika 2,000 kwa siku: barabara ipi imefungwa, nani ana mafuta, kiwanda gani kinakaribia kuishiwa malighafi, lori lipi tiifu liko wapi. Inakadiriwa serikali ilikuwa na malori 200 hivi tu ya kutegemea kulisha mji mkuu. Mgomo ukaisha mwanzoni mwa Novemba, baada ya Allende kuwaingiza wanajeshi katika baraza la mawaziri, na serikali ilikuwa bado imesimama. Flores akawa waziri wa uchumi.

Tazameni sasa. Chumba cha viti vyeupe kilikuwa hakijakamilika. CHECO haikuulizwa. Kilichofanya kazi ni mashine za kupiga chapa zilizokuwa zimelala ghalani, na watu waliokuwa tayari wamekaa mwaka mmoja wakichora nani anamwambia nani nini, na kwa haraka kiasi gani. Kile kipindi cha kuchora hakikuwa bure. Mtandao ungekuwepo bila michoro ile, wangejikuta na ujumbe 2,000 kwa siku na hakuna anayejua uende wapi.

Nisiwapake mafuta, lakini. Mwanahistoria Eden Medina, aliyewahoji waliokuwepo, anaonyesha kwamba wahandisi walipoenda viwandani kuunda vielelezo mara nyingi waliongea na wasimamizi kuliko wafanyakazi, ingawa nia iliyotangazwa ilikuwa wafanyakazi washiriki. Yaani wananchi wa ngazi ya tano walibaki kwenye mchoro. Januari 1973 gazeti la Observer la London likaandika kwamba Chile inaendeshwa na kompyuta, watu wakaogopa, na Beer akatumia muda mwingi kujitetea. Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi likapindua serikali. Allende akafa siku hiyo katika ikulu. Chumba kikaharibiwa. Flores akafungwa miaka mitatu, akaenda uhamishoni Marekani, akaandika na Terry Winograd kitabu kuhusu kompyuta na uelewa wa binadamu (1986), na miaka mingi baadaye akarudi kuwa seneta wa Chile.

Haya, turudi Taita.

Mwezi uliopita nilipanda gari kwenda nyumbani na laptopu yangu. Mkutano ulikuwa darasani, Jumamosi. Nilikuwa nimetengeneza grafu za rangi. Nikakumbuka zile slaidi za kuchorwa kwa mkono, nikaifunga laptopu na kuomba chaki. Nikachora mabirika mawili, moja la maziwa na moja la pesa, nikawauliza wao kanuni zao na tukaenda mwezi kwa mwezi ubaoni, kama Forrester na penseli yake. Walinisahihisha mara nne. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba maziwa yote ya asubuhi yanaenda chamani; mama mmoja akasema kwa upole, "Mwanetu, maziwa ya ada ya shule hayaendi chamani, yanaenda kwa anayelipa leo." Nilikuwa nimelisahau birika zima.

Tulipofika mvua za mwaka wa pili, birika la pesa likakauka mbele ya macho yao. Darasa likanyamaza. Mzee mmoja wa mstari wa nyuma, aliyepoteza miezi mitatu ya maziwa kwenye chama cha zamani, akauliza, "Kwa hiyo unatuambia mjomba wako hakuiba?"

Nikamjibu ukweli. Programu haiwezi kusema hivyo. Inasema tu kwamba chama chenye kanuni zile kingeweza kufa mvua ile hata kama mweka hazina angekuwa malaika. Vitabu havipo, na mimi ni mpwa wake, kwa hiyo msinichukue kuwa shahidi. Yule mzee akatazama ubao kwa muda mrefu. Hakusema amesamehe na hakusema hajasamehe. Aliomba nirudie ule mwezi wa Machi.

Tulijaribu kanuni kadhaa pale ubaoni. Kuwalipa wanachama pesa za mnunuzi zikishafika: chama kinapona, lakini siku 45 ni nyingi na watu watakimbia. Kupatana na mnunuzi alipe baada ya siku 30: dawa nzuri kuliko zote, kama atakubali, na bado hajakubali. Kutopandisha bei kwa kutazama akaunti, na badala yake kufungia ziada ya kiangazi mpaka mvua zipite: hii ilipita kwa kura, ingawa wawili walilalamika kwamba pesa iliyolala haimpendezi mtu. Na moja nimeiiba Santiago bila aibu. Kila kituo cha kupokea maziwa kitatuma SMS ya lita zake kila asubuhi. Lita zikishuka ghafla, mwenyekiti wa kituo ana siku mbili za kulishughulikia kabla halijafika kwa kamati. Mwenyekiti wa kituo cha juu alipenda sana sehemu ya siku mbili.

Mjomba hakuja mkutanoni. Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba akikama, nikamchorea mabirika chini kwa kijiti. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: siku 45 nilizipata wapi? Nikamwambia ni za mnunuzi wa sasa. Akasema wakati wao ilikuwa 60, na wakati mwingine 75, na tarehe anazikumbuka.

Tumekubaliana nirudi mwezi ujao na daftari tupu.